MIGUU YA MTOTO SI MGODI WA UKOO



Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaandika tena makala ndefu humu, maana mara ya mwisho niliitwa kibaraka na pande zote mbili kwa siku moja. Lakini lililotokea Jumapili iliyopita nyumbani kwa dada yangu limenikaa kooni, na kwa kuwa najua si la nyumba yetu peke yake, naliweka hapa mezani. Mtakaonitukana, tukaneni, ila someni kwanza hadi mwisho.

Dada yangu anakaa karibu na Barrière, ghorofa ya nne, lifti mbovu tangu kabla ya korona. Siku hiyo tulikuwa watu kumi na saba kwenye sebule ya watu sita: wajomba, mashemeji, mama wadogo, na mzee mmoja aliyepanda treni kutoka Liège. Wali, sombe, samaki, bia. Ajenda moja tu: kijana. Mtoto wa dada yangu ana miaka 17, kilo 90, na yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwaka wa tatu sasa anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, na nafasi yake ni ya raningibeki, yaani mkimbiza mpira. Ametokea wakala mmoja, si mtu wa Brussels, anasema kwa euro 9,000 atamwingiza kijana katika shule ya kulipia huko Marekani, halafu chuo kikuu, halafu ligi kuu, halafu mamilioni. Sharti: aondoke Januari. Mitihani ya cheti ni Juni.

Hesabu ikaanza palepale. Nani atatoa 500, nani 1,000, likelemba (ndugu zetu wa Tanzania wanaita upatu) ya mama wadogo isogezwe mbele. Na kabla hata senti moja haijatoka mfukoni, tayari watu walikuwa wanagawana mavuno: nyumba Bukavu, karo za wadogo zake, matibabu ya bibi. Ndipo mzee wa Liège akasimama, akasema kwa sauti ya ibada: "Mkumbuke Biakabutuka! Mtoto wa Kongo, alitikisa Marekani nzima!" Makofi yakapigwa.

Mimi nikauliza swali moja. Alicheza miaka mingapi?

Kimya. Nikauliza tena, aliacha kucheza akiwa na umri gani? Kimya. Watu kumi na saba walikuwa tayari kuweka rehani cheti cha mtoto kwa jina la mtu, na HAKUNA HATA MMOJA aliyejua habari za mtu huyo kupita jina lake. Basi tuzisome hapa, taratibu.

Kwanza kwa wasioujua mchezo wenyewe, maana najua Goma na Dar es Salaam hawaamki usiku kuutazama. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi mbele; yadi ni pungufu kidogo ya mita. Mkimbiza mpira anasimama nyuma, anakabidhiwa mpira mkononi, anaambiwa pita. Mbele yake kuna ukuta wa wanaume wenye kilo 130 na zaidi, na kazi yao ni kumwangusha. Akipata yadi nne anasifiwa. Siku ya kazi nyingi anafanya hivyo mara ishirini na zaidi, na karibu kila mara mwisho wake ni kugongwa. Wenzake wa nafasi nyingine hugongwa pia, lakini yeye ndiye anayetafutwa na wote, kwa mbio, kutoka kila upande.

Sasa mtu wetu. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwezi wa kwanza 1974. Jina ni la Kasai, kwa hiyo sisi wa Kivu tusijifanye tulimzaa. Alikuwa bado mtoto mdogo familia ilipohamia Quebec, akakulia Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, akiongea Kifaransa kama hawa wetu wa hapa. Mpira huu alikutana nao sekondari. Akapita Vanier, chuo cha kati pale Montreal, ndipo akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Michigan. Ushikeni mpangilio huo: sekondari, chuo cha kati, chuo kikuu. Hakuna aliyemtoa darasani mwezi wa Januari.

Tarehe 25 Novemba 1995, Michigan walicheza na Ohio State, mahasimu wao wa jadi, timu iliyokuwa haijafungwa msimu mzima na ikishika nafasi ya pili nchi nzima. Mkimbiza mpira wa Ohio State alikuwa Eddie George, ambaye mwaka huohuo alipewa tuzo ya Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za vyuo. Siku ile mtoto wa Kinshasa alikimbia yadi 313. MIA TATU NA KUMI NA TATU. Michigan wakashinda 31 kwa 23, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Msimu ule mzima alifikisha yadi 1,818, rekodi ya chuo chake. Nimeitazama ile mechi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu. Kuna pahali anakata kulia, mabeki wawili wanagongana wenyewe, naye ameshapita. Sijui kama nimewahi kuona Mkongomani akiwa huru kiasi kile.

Laki moja wamelipa tiketi. Televisheni imelipa. Kocha analipwa. Jezi zinauzwa dukani. Na mwenye yadi 313 alipata nini siku hiyo? Ada ya shule, chakula na kitanda. Ndiyo ilikuwa sheria ya vyuo vya Marekani miaka ile: mchezaji akipokea mshahara anafungiwa. Sheria hiyo ilianza kubomoka mwaka 2021, na tangu 2025, baada ya kesi, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20 na ushei kwa chuo kwa mwaka. Safi sana. Lakini msishangilie haraka: mwenye viza ya mwanafunzi hana uhuru wa kufanya kazi ya kulipwa kama mzawa, na wanafunzi wa kigeni wamekuwa wakihangaika na wanasheria ili wafaidi hicho ambacho jirani yao wa chumba anakipata kwa kusaini karatasi. Wakala wa euro 9,000 hakuligusa hilo.

Aprili 1996, Biakabutuka akachaguliwa wa nane katika nchi nzima, na Carolina Panthers, timu iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja. Hapo ndipo hadithi ya mzee wa Liège inapoishia, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia. Septemba ileile, msimu haujafika hata nusu, kano ya goti ikakatika. Msimu umekwisha. Timu ikaendelea bila yeye, ikafika hadi mchezo mmoja kabla ya Super Bowl. Hakuna aliyesimamisha saa kumngoja. Akarudi, akaumia, akarudi. Oktoba 1999 dhidi ya Washington alifunga tachidauni tatu katika robo ya kwanza tu, mbili kati ya hizo za mbio ndefu, yadi 60 na yadi 45, na timu yake bado ikapoteza, 38 kwa 36. Mwaka ule alimaliza na yadi 718, nao ndio ulikuwa msimu wake bora katika ligi kuu. Mwaka 2001 mguu ukavunjika. Hakucheza tena.

Alikuwa na miaka 27.

Jumla yake yote katika ligi kuu, miaka sita, ni yadi elfu mbili na mia tano na kitu. Linganisheni na zile 1,818 za mwaka mmoja chuoni. Wanaojua mchezo wanaelewa maana yake: sehemu bora ya miguu ile ilitumika pale ambapo hapakuwa na mshahara, na waliomlipa walipata kilichobaki.

Kabla hamjanirukia, nasema mwenyewe: alilipwa, na alilipwa pesa ambazo mimi na ninyi hatutaziona. Wala sitaki kumfanya mtu wa kuhurumiwa, kwa sababu si hivyo kabisa. Baada ya mpira aliingia katika biashara, akamiliki migahawa ya kuku wa kukaanga ya Bojangles katika eneo la Augusta, Georgia. Mkongomani mwenye migahawa kule Kusini mwa Marekani, anaajiri watu! Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa ipigiwe makofi Saint-Gilles, lakini hakuna aliyekuwa anaijua. Sisi tunakumbuka jezi tu.

Mtasema huyo alikuwa na bahati mbaya ya magoti. Basi tumwache, tuwatazame wengine. Todd Gurley alisaini na Rams mwaka 2018 mkataba wa dola milioni 60. Machi 2020 wakamwacha, goti, akiwa na miaka 25. Le'Veon Bell wa Pittsburgh mwaka 2018 alikataa mkataba wa lazima wa mwaka mmoja, dola milioni 14 na nusu, akakaa nje msimu mzima kudai wa muda mrefu. Alipopata timu nyingine hakuwa tena yule Bell. Chama cha wachezaji chenyewe kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na kidogo kwa wachezaji wote wa ligi ile, na wakimbiza mpira wako chini ya hapo.

Na siyo ajali. Mpango umepangwa hivyo. Tangu makubaliano ya 2011, mchezaji mpya anafungwa kwa mkataba wa miaka minne ambao bei yake imepangwa kwa namba aliyochaguliwa nayo, na walio katika raundi ya kwanza timu inaweza kuwaongeza mwaka wa tano. Baada ya hapo timu ina haki ya kumbandika mchezaji tagi, yaani kumshikilia mwaka mmoja mmoja kwa bei ya kikokotoo, hata kama yeye anataka kuondoka. Piga hesabu. Ameingia na miaka 21 au 22. Minne, wa tano, tagi. Ana 27 au 28. Kwa mrusha mpira huo ndio mwanzo wa utajiri, kwa mkimbiza mpira magoti yameshakwisha. Yaani anafika sokoni siku ambayo bidhaa yake imeharibika, na waliyoiharibu ndio wanaompa bei! Mwaka 2023 tagi ya wakimbiza mpira ilikuwa dola milioni 10 hivi, chini ya nafasi zote isipokuwa wapiga mateke. Julai ile wakimbiza mpira maarufu waliitana wao kwa wao kwa njia ya mtandao kujadili wafanyeje. Hawakuwa na la kufanya, mkataba wa chama ulishasainiwa hadi mwisho wa muongo.

Mimi ni mtu wa Kivu. Nikisikia bidhaa inachotwa kwa bei ya mwenye kununua, miaka ile iliyo mizuri, halafu shimo linaachwa wazi, sihitaji mtu anifafanulie. Mchimbaji wa Rubaya hapangi bei ya koltani. Tofauti ni kwamba mchimbaji wa Rubaya hapigiwi makofi na wajomba zake.

Haki itendeke, kuna Saquon Barkley. Giants wa New York walimbandika tagi 2023, mwaka 2024 akahamia Philadelphia, akakimbia yadi 2,005, Februari 2025 akabeba Super Bowl, na mwezi uliofuata akasaini nyongeza ya zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, mkimbiza mpira wa kwanza kufika hapo. Najua mtaniletea jina hilo, ndiyo maana nalileta mwenyewe. Katika sebule ya dada yangu kila mtu anamwona kijana akiwa Barkley. Hakuna anayemwona akiwa yule wa raundi ya sita aliyekatwa Agosti, ambaye jina lake hata mimi ninayefuatilia silijui.

Na kuna kichwa. Hili nililisema kwa dada yangu jikoni, si mbele ya watu. Aliyekuwa wa kwanza kuuona ugonjwa ule katika ubongo wa mchezaji wa ligi hiyo alikuwa Mwafrika, daktari Bennet Omalu kutoka Nigeria, alipompasua marehemu Mike Webster huko Pittsburgh mwaka 2002. Ligi ilimpiga vita miaka na miaka. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba katika bongo 111 za waliocheza ligi kuu walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Tusidanganyane, bongo hizo zilitolewa na familia zilizokuwa na wasiwasi tayari, kwa hiyo haina maana kwamba kila mchezaji anao. Lakini ni 110!

Ligi ikakubali kulipa fidia. Sasa sikilizeni hii, na wale mnaoniambia Marekani hakuna ubaguzi kwenye michezo msikilize mara mbili. Katika kupima nani ameharibika akili alipwe, vipimo vilikuwa na kirekebisho cha rangi: mtu mweusi alidhaniwa AMEANZA na uwezo mdogo wa akili, kwa hiyo ili aonekane ameumia ilibidi awe ameporomoka zaidi kuliko mzungu mwenye alama zilezile. Waliofungua kesi mwaka 2020 ni wachezaji wawili weusi wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, na Davenport alikuwa mkimbiza mpira. Ligi ilikubali kuachana na kipimo hicho mwaka 2021. Elfu mbili na ishirini na moja, ndugu zangu! Sisi ambao babu zetu walikaguliwa hadi jikoni na Wabelgiji, kama wanakula kwa uma, kama mke anajua kukaribisha wageni, ili wapewe kadi ya kuitwa wastaarabu, tunapaswa kuitambua harufu hiyo tukiwa mbali.

Sasa hoja kubwa ya wapinzani wangu, na siidharau. Shemeji yangu, mtu mpole, dereva wa basi mwenye shahada ya uchumi ya Lubumbashi, aliniangalia akaniuliza: "Na hicho cheti unachokililia, wewe kimekupa nini hapa?" Sebule nzima ikanitazama. Ni kweli. Mwaka 2017 Wakfu wa Mfalme Baudouin ulichapisha uchunguzi juu ya Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi: asilimia 60 walikuwa na elimu ya juu, kiwango ambacho wenyeji wenyewe hawakifikii, na bado ukosefu wa kazi kwao ulikuwa mara nne ya wastani wa nchi. Mtoto anayaona hayo. Anamwona baba yake mdogo, mhandisi, akipanga masanduku. Anasikia barua za maombi ya kazi zinavyojibiwa ukiwa na jina kama letu. Halafu anaona kwenye simu yake kijana mweusi wa miaka 22 akikumbatiwa na bilionea. Ningekuwa na miaka 17 ningechagua nini?

Nilichomjibu shemeji ni hiki. Ubelgiji ikimnyima kazi mwenye shahada, hilo ni kosa tunaloweza kulipeleka mahakamani, kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye manispaa, na kura tunazo. Tumelala tu. Goti likikatika huko Marekani, katika nchi ambayo hospitali ni biashara, na viza inategemea shule, na shule inategemea goti, tutalipeleka wapi? Atarudi Zaventem na mkongojo, bila cheti cha sekondari, na deni la euro 9,000 kwa watu kumi na saba ambao kila mmoja atamkumbusha kwenye kila harusi.

Hapo ndipo palipowaka. Kwa sababu mchango ule haukuwa zawadi, na wote tulijua. Ulikuwa hisa. Kila aliyetoa 500 alikuwa ananunua kipande cha mguu. Mimi nimekaa katika mikutano mingi ya diaspora, pale Matonge na hapa Saint-Gilles, tukilaani makampuni yanayosaini mikataba ya madini kabla wananchi hawajaulizwa. Tumeandamana, tumepigwa mvua. Halafu tunaingia ndani, tunavua makoti, tunasaini mkataba wa mtoto ambaye wakati huo alikuwa chumbani kwake na mlango umefungwa, hata hakuitwa!

Kongo ina historia na miguu. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo imedumu tangu siku hiyo. Mobutu aliwapa wachezaji wale sifa zote za dunia, hadi walipofungwa na Yugoslavia tisa bila Kombe la Dunia mwaka uleule, na wachezaji wenyewe wamesimulia jinsi posho zao zilivyoliwa njiani. Mwaka 1994 Mulamba alienda Tunisia kuheshimiwa, aliporudi watu wenye silaha wakamvamia na kumpiga risasi. Ya mguu. Mwaka 1998 Afrika ikasimama kimya kumwomboleza uwanjani, kumbe yu hai, anahangaika Afrika ya Kusini. Amefariki kweli 2019. Na hapa kwetu, Julien Kialunda alivaa jezi ya Union Saint-Gilloise miaka ya mwanzo ya 1960 kabla ya kwenda Anderlecht. Union walipochukua ubingwa 2025, wa kwanza tangu 1935, Parvis ilijaa njano na buluu usiku kucha, na vijana wetu walikuwamo wakiimba. Niliwauliza watano kama wanamjua Kialunda. Mmoja alidhani ni mwanamuziki.

Simzuii mtoto kucheza. Aliyesema nimemzuia kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo ni mwongo. Namwona anavyokimbia, ana kipaji. Njia zipo ambazo hazimtoi darasani: ligi hiyo ya Marekani ina akademi yake Uingereza, sasa iko Loughborough, kwa vijana wa umri wake, mchezo na masomo vinaenda pamoja. Vyuo vya Canada vinacheza pia, na Kifaransa chake kitamfaa Quebec kama kilivyomfaa Biakabutuka. Yote hayo yanangoja hadi Juni. Ila wakala hawezi kungoja hadi Juni, na mimi naona sababu ni kwamba Juni kijana atakuwa ametimiza miaka 18 na atasaini mwenyewe.

Jumanne nilimsindikiza mazoezini, tramu 81, begi lake la helmeti limeziba mlango watu wanatununia. Nikamuuliza yeye anataka nini. Alikaa kimya hadi tukapita vituo viwili. Akasema: "Mjomba, mimi nataka kucheza. Lakini mbona kila mtu ananiuliza habari za nyumba ya Bukavu? Bukavu sijawahi kufika."

Mkutano wa pili ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa, pale pale ghorofa ya nne. Nimemwambia dada kijana akae sebuleni, kwenye kiti, siyo chumbani. Euro 500 zangu nimeshazitoa: nimemlipia mwalimu wa hisabati hadi Juni. Na nimeomba wakala aje mwenyewe, na karatasi, aonyeshe jina la shule, nani atalipa bima ya matibabu, na nini kitatokea kijana akiumia wiki ya nne. Mpaka naandika haya hajajibu.

Mlioko Marekani na Canada ambao watoto wenu wamepita njia hizi, andikeni mlicholipa na mlichopata. Tarakimu, siyo maneno. Nitazichapisha kwenye karatasi nizipeleke sebuleni.